Mshono wa Katikati ya Uwanja wa Chachacoma

Mheshimiwa Naibu Meya wa Wilaya yetu, wewe uliyevuliwa viatu langoni mbele ya walinzi wako na hukununa, Ndugu Rufino Ticona, Rais wa Kamati ya Mtaa wa Villa Chachacoma, Ndugu Katibu, mwenye daftari na muhuri, Baba Padri, wazee wetu mlioshika fimbo za uongozi, kina mama wenzangu wa soko la viazi, ambao hamcheki hata ninapochekesha, wachezaji wetu wa kike, wa zamani na wa sasa, ndugu wa bendi, ambao nawaomba mweke ngoma zenu juu ya mbao na si juu ya nyasi, Ndugu wageni waalikwa, na ninyi majirani ambao hamkualikwa ila mmefuata harufu ya chakula: nawasalimu nyote, na Pachamama, mama yetu ardhi anayetubeba, namsalimu pia.

Nimepewa dakika kumi. Wanaonijua wanajua kwamba dakika kumi mimi Basilia Huarachi huzitumia kusalimia tu.

Tazameni tulivyokaa. Kila mguu wa kiti umewekewa kibao chini. Kina mama wote tumevaa soksi za sufu kama watoto wa shule ya chekechea. Mheshimiwa viatu vyake vimepangwa langoni pamoja na vya mpiga tarumbeta. Nani amefanya hivyo? Mtu ambaye leo ni siku yake ya mwisho kazini, ambaye tumemshonea koti jipya, tumemvika shada la maua na kumwagia karatasi za rangi kichwani, na bado alfajiri ya leo alikuwa langoni anakagua nyayo za watu. Nilimwambia, "Fundi Severo, leo wewe ni mgeni wa heshima, nenda ukakae." Akanijibu, "Nitakaa, mama, kwanza nione kisigino chako." Huyo ndiye Severo Calcina, mtunza uwanja wetu kwa miaka kumi na minne, na kabla ya hapo fundi viatu wa pale kona, na ndiye tuliyekuja kumuaga.

Mnaijua desturi ya mtaa wetu. Mtumishi akirudisha funguo, ukurasa wake katika daftari la kumbukumbu unasomwa mbele ya watu, kisha Katibu anaupiga muhuri. Ukishapigwa muhuri haufunguliwi tena, hata aje nani. Lililomo limo, wajukuu watalisoma. Sasa, katika ukurasa wa Fundi Severo mna mistari minne ambayo mimi sitaki ifungiwe humo. Ndiyo maana nimeomba kusema kabla ya muhuri na kabla ya chakula. Nitaifikia hiyo mistari. Kwanza niacheni nijivunie, kwa sababu tunalo la kujivunia.

Mnakumbuka hapa palivyokuwa? Palikuwa kokoto na vumbi, na mchezaji aliyeanguka alirudi nyumbani na mawe gotini. Tuliandika barua, tukaandamana, tukafunga barabara siku mbili, na mwishowe nyasi bandia zikaja zimeviringishwa kama mikeka, viringo ishirini na sita, kila kimoja kizito kama fahali. Lori lilishindwa kupanda, basi tukavibeba sisi wenyewe mabegani, wanaume kumi na wawili kwa kiringo kimoja, na kina mama nyuma tukiwasukuma kwa maneno.

Akaja mhandisi kutoka kule bondeni, kwenye joto. Kijana mstaarabu, kofia yake nyeupe, kitabu chake mkononi. Ilikuwa Julai. Na ninyi mnajua Julai yetu: saa sita mchana unavua sweta, saa kumi na moja alfajiri maji yameganda na kupasua ndoo. Yule kijana alizitandaza nyasi adhuhuri, akakata kingo, akagundisha mishono yote siku hiyo hiyo juani, akapiga picha, akaenda kulala hotelini. Asubuhi mishono ilikuwa imeachama. Kidole kiliingia. Huku kwa upande wa goli la kaskazini, mkono uliingia.

Tukasimama pembeni tukihesabu nyufa. Tulikuwa tumesubiri miaka tisa. Ndipo Severo akavuka barabara na aproni yake ya ngozi, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ule ufa, akasema, "Mhandisi, nyasi zako zimesinyaa."

"Haziwezi kusinyaa, mzee. Zimetoka kiwandani."

"Hata viatu hutoka kiwandani. Sisi hapa tunatandaza viazi nje, baridi inavikamua, jua linavikausha, tunapata chuño. Unadhani baridi inachagua hiki kiazi, hizi nyasi? Usiku inabana, mchana inaachia. Wewe umezikata zikiwa zimejinyoosha kwa jua, sasa zimejikunja. Ungeziacha zilale hapa nje siku mbili tatu kwanza, zijue zimehamia wapi."

Mhandisi akacheka. Asubuhi ya pili akacheka kidogo. Asubuhi ya tatu akavuka barabara mwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akafungua kitabu chake ukurasa mtupu na kusema, "Haya, mzee, niambie."

Ndugu zangu, mimi sikusoma sana, lakini nimeuza viazi miaka arobaini na ninamjua mtu anayejua kitu chake. Fundi viatu na gundi ni mtu na mkewe. Severo alimfundisha yule msomi kwamba huku juu mchana wa kugundisha ni mfupi, saa nne hadi saa saba, basi. Kabla ya hapo chini kuna unyevu wa barafu ya alfajiri. Baada ya hapo mawingu yanapanda na hujui yamebeba nini. Utepe mpana wa kitambaa unalazwa chini ya mshono, unapakwa gundi, halafu unasubiri. Gundi ikishika kidole, bado. Ikikiachia kidole lakini ikabaki na alama, sasa ndiyo. Unashusha kingo mbili zikutane bila kupandana na bila kupishana, majani yasibanwe chini, kisha mifuko ya mchanga juu, mmoja ubavuni mwa mwenzake. Na baada ya hapo ni kusubiri, kwa sababu gundi ambayo bondeni inakauka kwa usiku mmoja, hapa kwetu inataka siku mbili na zaidi.

Na baridi ya usiku je? Hapo ndipo alipopita nyumba kwa nyumba kuomba mablanketi ya kufunika mishono. Mablanketi thelathini na nane yalitoka mtaa huu usiku ule, na mnajua hakuna mtu hapa mwenye blanketi la ziada. Marehemu mume wangu aliamka anatetemeka, "Basilia, blanketi letu liko wapi?" Nikamwambia, "Limepata wa kulala naye uwanjani, wewe jikunje." Tulitetemeka mtaa mzima ili gundi ipate joto. Baada ya siku tatu tukafunua, na mishono ilikuwa imefumba.

Mhandisi akasema, "Mkiutunza vizuri, utawapa miaka sita." Leo ni mwaka wa kumi na nne. Mheshimiwa, nakuomba uuangalie. Shuka chini uupapase. Viwanja vingapi huku juu vimeng'olewa na kuwekwa upya mara mbili? Watu wametoka Oruro, wametoka Potosí, kuja kumuuliza Severo anaweka dawa gani. Na dawa yenyewe ni ufagio. Ni kutembea kila asubuhi kwa miguu mitupu juu ya mishono yote, kwa sababu anasema unyayo unahisi ufa kabla jicho halijauona. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliziba ufa ungali uzi.

Mnadhani ilikuwa rahisi kututunza sisi? Nyasi hazikuwa kazi, kazi ilikuwa sisi. Theluji ikianguka tulikuja na makoleo ya chuma. Aliyanyang'anya langoni: "Koleo hili lipeleke likachimbe viazi. Hapa ni ubao na ufagio, na mfagie kufuata mshono, msiukate." Mwaka mmoja mtu akamwaga chumvi. Mwaka mwingine, simtaji mtu, ila siku hizi ni Rais wa Kamati na amekaa hapa mbele anatazama soksi zake, alikuja na birika la maji yanayochemka kuyeyusha barafu karibu na kona. Severo akamwambia, "Rufino, mwanangu, unapika nyasi? Basi ongeza kitunguu." Cheka tu, Ndugu Rais. Ulikuwa na miaka ishirini, na wewe ulifanya kosa dogo.

Langu lilikuwa kubwa.

Sasa nafika kwenye ile mistari minne. Ndugu Katibu, fungua daftari, mwaka ule nilipokuwa mimi Rais wa Kamati, miaka kumi na moja iliyopita. Huna haja ya kusoma, naijua kwa moyo. Imeandikwa hivi: "Mkutano umethibitisha kwamba mchezaji Yovana Sirpa aliumia goti kwa sababu ya kufumuka kwa mshono wa katikati. Kosa ni uzembe wa mtunza uwanja, Severo Calcina. Ameomba radhi kwa magoti mbele ya mkutano. Amesamehewa." Chini yake kuna sahihi yangu, kubwa, yenye mkia, maana nilikuwa najivunia sahihi yangu.

Yovana, binti yangu, uliyekaa pale na funguo mapajani, wewe unayempokea kazi leo, nisikilize na wewe, kwa kuwa jambo hili ni lako kabla halijawa la mtu mwingine.

Mwaka ule mvua ya Januari haikutupa nafasi. Mshono wa katikati, huu tuliouzunguka, ulikuwa umeachia kwa urefu wa hatua saba, na Jumapili baada ya Kanivali tulikuwa na mechi ya kufungua ligi ya wanawake. Severo aliomba siku moja kavu. Mungu akampa siku moja tu, na ilikuwa Jumanne ya Kanivali, siku ambayo kila mtu kwetu anainywesha ardhi kwa kuimwagia kinywaji, na nyumba yake, duka lake, gari lake, hata mashine yake ya cherehani. Saa nne unusu alikuwa amemaliza kugundisha. Mawingu yalikuwa yameanza kuonekana, akalaza mifuko ya mchanga, akasimika vijiti vinne na kuvizungushia kamba nyekundu ya sufu. Mimi nilipita kumwona.

"Doña Basilia, hapa asikanyage mtu hadi Alhamisi."

"Na Pachamama je? Na yeye tumwambie asubiri hadi Alhamisi?"

"Pachamama amezoea kusubiri, mama. Gundi yangu ndiyo haijazoea."

Nikacheka. Yeye akaenda nyumbani, kwa sababu siku hiyo hata yeye alikuwa na nyumba ya kunywesha na mke aliyekuwa akimngoja na chakula. Hivi nani kati yetu hakwenda kwake mchana ule?

Saa nane nikarudi na bendi, makreti ya bia, chupa ya spiriti, na karatasi za rangi. Nilikuwa Rais, na Rais ambaye hajanywesha uwanja wa mtaa wake angewaambia nini watu mwaka ukiwa mbaya? Nikamwaga kwenye kona nne, nikamwaga kwenye magoli. Kisha nikafika kwenye ile kamba. Na ndugu zangu, siwadanganyi, sikuwaza ubaya. Niliwaza kwamba mahali hapa ndipo panapouma, na panapouma ndipo panapohitaji kinywaji zaidi. Nikafungua kamba kwa mkono wangu huu. Nikasogeza mifuko miwili mitatu. Nikamimina bia juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, na maombi, na spiriti juu yake. Halafu bendi ikapiga, na tukacheza hapo hapo raundi tatu, kwa sababu tulikuwa na furaha. Saa tisa mvua ya mawe ikatufukuza. Kila mtu akakimbia na kreti lake. Mimi nikarudi peke yangu, nikarudisha mifuko, nikafunga kamba kama ilivyokuwa, nikaenda zangu.

Jumapili, dakika ya thelathini, Yovana alikuwa anakimbia na mpira upande huu. Mnakumbuka alivyokuwa akikimbia. Njumu yake ikaingia chini ya mshono, nyasi zikainuka, mwili ukaenda na goti likabaki. Tulimsikia wote. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku hiyo hajacheza tena winga.

Severo aliufunua ule mshono mbele yangu. Chini gundi ilikuwa imeumuka, nyeupe, povu kavu lenye matundu, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye karai. Gundi ile ikikutana na maji kabla ya kukomaa hutoa povu na haishiki kitu. Akainusa. Akaninusisha na mimi. Ilinuka bia.

Mkutano tuliufanya Jumatano. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, kengele ilikuwa mkononi mwangu. Mama yake Yovana analia, watu wamekasirika, mmoja anasema afukuzwe, mwingine anasema apigwe mjeledi kama zamani. Na mimi, kwa mdomo wangu huu ambao siku zote hauna breki, nikamuuliza, "Fundi, mshono huu ni kazi ya nani?" Nilijua ninachouliza. Nilikuwa namuomba anitaje, na nilikuwa nahofia atanitaja, yote mawili kwa pamoja. Akanitazama. Akasema, "Mshono ni wangu." Akavua kofia, akapiga magoti mbele ya mama yake Yovana, mbele yenu, mbele ya mkewe Doña Teodosia, na mtu huyu alikuwa na miaka hamsini na minne. Mimi nikatia sahihi.

Kwa miaka kumi na moja nimejiambia kwamba hakujua. Nilisema, atajuaje ni nani? Watu walikuwa wengi, bendi ilikuwa kubwa, bia ni ya wote. Nilijifariji hivyo, nikalala, nikanenepa. Hata leo kamati iliponiteua kumsifu, nilikuwa nimeandaa hotuba tamu ajabu, imejaa asali, hakuna hata tone la bia ndani yake.

Mwezi uliopita tukaenda kukabidhiana vifaa, mimi shahidi, Yovana anapokea. Sanduku lake la zana likafunguliwa. Visu vya kukatia ngozi, brashi, nyundo ya mbao, kopo la misumari. Na ndani ya kopo, kamba nyekundu ya sufu. Imefungwa. Imekatwa pembeni ili itoke kwenye vijiti, lakini fundo halijaguswa. Kina mama wenzangu wa sokoni, mnajua fundo letu la gunia la viazi, lile la mara mbili chini na moja juu, ambalo mwanaume yeyote akijaribu kulifungua anaishia kuomba kisu? Ndilo hilo. Nililifunga mwenyewe kwa mazoea, mvua ya mawe ikinipiga kofia.

Yovana alipotoka na makopo ya gundi, nikamuuliza, "Fundi, ulijua?"

"Nilijua Jumatano ya Majivu, mama, asubuhi. Nilifunga fundo la viatu, nikakuta fundo la gunia; nikaupapasa mshono juu, ukaonekana umefumba, nikadhani umegusa kamba tu."

"Kwa nini hukusema?"

Akafikiri. Mnajua anavyofikiri, kama anapima ngozi. Akasema, "Ningesema nini? Kwamba Rais alipokuwa anamnywesha Pachamama ndipo binti akavunjika? Nusu ya mtaa wangesema ardhi imetukataa, wangekuogopa wewe, wangeuogopa uwanja. Watoto wangerudi kucheza barabarani. Na tena, Doña Basilia, fundi anayeiacha gundi mbichi akaenda kula, la kwake lipo."

"Na kamba umeiweka ya nini miaka yote hii? Ya kunisuta?"

"Ya nini kukusuta. Sufu nzuri ile. Nilikuwa nangoja siku utakayopita unifungulie hilo fundo."

Nililia pale stoo, siwafichi. Nililia kwa aibu, halafu nikalia kwa hasira, maana mtu akikusitiri miaka kumi na moja bila hata kukukonyeza, anakuacha huna pa kuweka uso. Mficha maradhi kifo humfichua, na mimi nimekula chumvi nyingi, sitaki nifichuliwe na jeneza. Kamba ninayo. Hii hapa. Fundo nimelifungua jana jikoni kwangu, na hata mimi ilinibidi nitumie meno.

Basi, Ndugu Katibu, chukua kalamu. Mimi Basilia Huarachi, niliyekuwa Rais wa Kamati mwaka huo, natamka mbele ya mtaa kwamba niliifungua kamba ya fundi, nikamimina bia na spiriti juu ya gundi mbichi, nikacheza juu ya mshono, nikafunga tena kamba na kunyamaza. Mshono ulikuwa mzuri. Ulikuwa umegundishwa saa nzuri, kwa mkono mzuri, kama mishono mingine yote iliyotubeba miaka kumi na minne. Kosa ni langu. Andika na siku, na saa. Usiifute ile mistari minne; acha isomeke, na hili liandikwe chini yake, ili wajukuu wajue mtaa huu ulimpigisha magoti mtu asiye na kosa na ulijirudi.

Yovana, goti lako siwezi kukurudishia. Ulikaa kando ya uwanja huu miezi kumi na magongo yako, na huyu mzee akakuwekea kigoda, akakufundisha gundi, akakufundisha kutembea juu ya mishono kwa miguu mitupu, na leo unapokea funguo. Wewe ulidhani anakufidia. Alikuwa anakufundisha kwa sababu anakuona una unyayo mzuri. Mwenye deni la kukuomba radhi ni mimi, na sikukuomba siku zote hizo. Usinijibu leo. Nijie nyumbani ukitaka, uniambie lolote, nitakuwa nimekaa.

Na wewe, Fundi Severo. Ulipiga magoti bila kofia. Sasa angalieni, majirani, mtu wa kunishika mkono yuko wapi, sketi hizi kumi za marinda na miaka sitini na saba si mchezo. Ndugu Rufino, nishike. Kofia yangu hiyo, iweke kitini. Hivyo. Nimefika chini. Fundi, nakuomba radhi mbele ya watu wale wale.

Kwa desturi yetu ukurasa haubadilishwi na mtu mmoja, hata akilia. Ndugu majirani, mnaokubali neno langu liandikwe kabla ya muhuri, nyosheni mikono. Mimi huku chini sioni kitu ila soksi za Mheshimiwa. Katibu, hesabu. Usiharakishe, hesabu na wale wa bendi, hata wao walicheza.

Nini? Semeni kwa sauti. Wote?

Andika basi: wote.

Ngojeni, Fundi anasema kitu, anainama. Sema, baba, nakusikiliza. Mnasikia? Mimi namwaga machozi mbele ya mtaa mzima, na yeye anasema nimepiga magoti juu ya mshono, nisogee kidogo kushoto.

Nimesogea. Nawashukuru kwa kunivumilia muda wote huu. Sasa niinueni, Katibu apige muhuri, tukale.